Harage Linarudi Koponi

Mwezi wa saba hapo Njombe, jeli ya altrasaundi ikitoka kabatini ni baridi kama umande wa alfajiri kwenye majani ya chai. Ukimmwagia mtu tumboni bila kuipasha, anaruka, tumbo linakaza, picha inaharibika, daktari ananuna, na mgonjwa ambaye tayari ana hofu zake anaona hata mikono yenu haimtaki. Ndiyo maana naanza na jeli. Neema, wewe na wenzako mliniomba niwaandikie niliyoyaona miaka yangu ya kazi, mkasema, "Bibi Edina, andika chochote." Chochote ni kingi mno. Basi pokeeni hiki kwanza: chupa ikae kwenye beseni la maji ya moto kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Maji ya moto yakikosekana, iwekeni kwapani, chini ya sweta. Nimezaa watoto wawili tu, lakini chupa nilizolea kwapani hazina idadi.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Kichwa changu hakikupewa hesabu wala Kiingereza, kilipewa majina. Kila aliyelala kwenye kile kitanda namjua jina lake, la baba yake na kijiji alichotoka. Majina hayo siwaandikii. Ya chumbani hukaa chumbani. Nitawatajia watu wangu mwenyewe, na mzee Yeremia wa Kifanya na wanawe, maana wao walisema niwatangaze hata redioni nikipenda. Waliobaki nakaa nao hapa Makambako. Upepo wa huku mnaujua: ukivuma mchana kutwa bati linaongea peke yake, na mimi nimekaa chini yake na majina ya watu nisioweza kumtajia mtu.

Kazi nilianzia dobi. Siku ya kwanza Mama Sabina, mkuu wa dobi, alinipa buti za mpira za mtu aliyekufa, kubwa kama mitumbwi, akaniambia nisilalamike kwa kuwa mwenyewe hakulalamika. Maji yalikuwa ya kukata mifupa. Niliyavua mashuka kutoka kwenye pipa kwa fimbo, na moja lilikuwa na doa ambalo lilinifanya niseme kwa sauti, "Jamani, huyu kapatwa na nini?" Mama Sabina akaja akaninyang'anya fimbo.

"Edina, unafua au unasoma?"

"Nafua, mama."

"Shuka halisomwi. Linafuliwa."

Nimefundishwa mambo mengi hospitalini na watu wenye vyeti ukutani, lakini hilo la Mama Sabina ndilo nililolitumia kila siku, na ndilo lililonigharimu kuliko yote. Nitafika huko.

Mashine ya altrasaundi ilipoletwa, Daktari Hosea aliyepewa kuiendesha alitafuta mhudumu anayejua Kibena cha wazee na anayejua kufunga mdomo. Wakamwelekeza dobi. Nikahama na beseni langu. Kazi ilikuwa ile mnayoifanya nyinyi: kutandika kitanda, kumpasha mtu moyo na jeli, kumfuta, kumsindikiza mlangoni. Na kuwatafsiria bibi na babu ambao Kiswahili chao kinaishia sokoni. Daktari Hosea alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyegonga kichwa kwenye taa ile ya pembeni kila wiki na kuiomba radhi. Alinionyesha kioo akasema, "Nyeupe ni mfupa na mawe. Kijivu ni nyama. Maji ni meusi." Nikasema basi nimekwisha hitimu. Akacheka.

Mume wangu Ezekieli alikuwa mpasua mbao, kwenye misitu ya Kifanya. Miaka mingi alilalamika kiuno na mbavu za nyuma, na sote tulisema ni msumeno. Nani apasue mbao asiumwe mgongo? Alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani, anavitafuna kama karanga. Kisha siku moja akakojoa kitu cha rangi ya chai ya rangi, akaniita nikione. Nikamleta chumbani. Alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kulala pale.

Nilikuwa nimeshika taulo. Daktari Hosea akaweka kile kichwa cha mashine ubavuni, na mimi, mtu wa dobi, nikaona kitu ninachokijua. Nikaona povu la sabuni. Beseni zima la povu, mapovu makubwa na madogo yamebanana, meusi yote. Maji ni meusi. Akahamia upande wa pili. Povu.

"Edina," daktari akaniuliza taratibu, "mama yake Ezekieli alifariki kwa nini?"

"Tumbo la maji," nikasema. "Ndivyo walivyosema."

Hapo niwaambie jambo la kwetu, maana baadhi yenu mmekuja kutoka mbali. Nilipochumbiwa, wazee wangu walimtuma mtu kwenda kuuchunguza ukoo wa Ezekieli, kama ilivyo desturi. Aliuliza ukoma, akauliza kifafa, akauliza wehu, akauliza uchawi, akauliza uvivu. Alirudi amefurahi, na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, aliopewa huko ulimfurahisha zaidi. Ukoo safi. Lakini alichunguza ukoo wa baba, yaani wale wenye jina. Mama yake Ezekieli alikuwa mtu wa Uwemba, wa ukoo mwingine, na hakuna aliyekwenda Uwemba kuuliza. Daktari Hosea alinieleza kwamba ugonjwa huu hauna habari na jina la ukoo. Unapita kwa baba, unapita kwa mama, unamshika mtoto wa kiume na wa kike sawasawa. Mtu anazaliwa nao. Vifuko vya maji vinaota kwenye figo polepole, vinakua miaka na miaka bila kupiga hodi, vinaibana nyama nzima mpaka figo inashindwa kazi. Haukuletwa na ulanzi, wala msumeno, wala jirani.

Hilo la jirani lilitusaidia, maana kulikuwa na mtu ambaye tayari alikuwa ameanza kutazamwa vibaya.

Ezekieli presha yake ilikuwa juu kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuipima. Alifariki kabla nyumba ya Makambako haijapigwa lipu. Aliacha msumari mlangoni alipokuwa akitundika kofia, mimi, na watoto wetu wawili, Tumaini na Joeli.

Sasa mzee Yeremia. Alikuja kutoka Kifanya akiwa na povu lile lile kwenye kioo, na binti yake Sara alikuwa amepimwa wiki iliyotangulia, naye analo. Alibaki kijana wa kiume, Danieli, amekaa nje anasubiri zamu. Daktari Hosea alitaka mzee aelewe kwanza kabla kijana hajalala kitandani, kwa hiyo akachukua kopo la maziwa tupu lililokuwa dirishani, akatia maharage mawili, moja jekundu na moja jeupe.

"Mzee, kopo hili ni wewe. Jekundu ndilo lenye ugonjwa, jeupe ni zima. Kila mtoto anapotungwa unampa moja, bila kuchungulia. Mama yao ni mzima, ana meupe yote mawili, huyo tumwache apumzike. Haya, mpe Sara."

Mzee Yeremia akafumba macho kama anaomba, akatia mkono, akatoa jekundu.

"Ndiyo hivyo," daktari akasema. "Sasa mpe Danieli."

Mzee akaligeuza kopo juu chini. Jeupe likadondoka mezani. Akasimama, akavaa kofia.

"Mzima huyu! Nilijua. Kwetu ugonjwa ukishakula kwenye nyumba, umeshiba. Twende nyumbani."

Daktari Hosea akajishika paji la uso. "Mzee, kaa. Nimekosea mimi."

"Daktari, usibadilishe mchezo kwa sababu nimeshinda."

Mimi nilicheka mpaka nikaliangusha taulo. Lakini Daktari Hosea hakucheka, kwa sababu aliona kosa lake. Huku kwetu watu wanaamini kwamba ugonjwa wa nyumba una fungu lake. Ukimchukua mmoja, waliobaki wamekombolewa. Wanamhudumia yule mgonjwa kwa upendo mkubwa, na ndani yake mna shukrani ambayo hawaisemi. Na kopo lile, kwa namna alivyolitumia, lilikuwa limeihubiri imani hiyo kuliko mchungaji.

Akamrudisha mzee kwenye kiti, kofia ikarudi mezani. Akalichukua harage jekundu kutoka mkononi mwake akalirudisha ndani, na jeupe pia, akalitikisa kopo.

"Ulipompata Sara, mzee, ulipungukiwa nini?"

"Usingizi."

"Mwilini."

"Sikupungukiwa kitu."

"Basi harage linarudi koponi. Kila mtoto anakuta yote mawili. Kila mtoto ana kopo lake jipya. Sara hakumchukulia Danieli chochote, wala kibaya wala kizuri."

Mzee Yeremia akatoa jekundu. Akarudisha, akatikisa, akatoa jekundu tena. Akarudisha, akatoa jeupe. Akalitazama kopo kwa ndani kwa muda mrefu.

"Kopo hili halina adabu," akasema.

Danieli alipimwa. Alikuwa mzima, na umri wake ulikuwa umefika ule ambao kama vifuko vingekuwepo vingeonekana. Lakini daktari hakumwacha mzee aseme, "Si nilikuambia." Alimwambia Danieli angeweza kuwa nao, na Sara angeweza kuwa mzima, au wawe nao wote wawili, au hata mmoja asiwe nao. Kopo halikumbuki.

Walipoondoka nikakuta mwavuli wa Danieli umebaki pembeni, na kofia ya mzee juu ya meza. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo halimo kwenye mafunzo yenu, nami siwaambii ni sayansi. Mtu aliyepewa habari njema husahau kitu. Anatoka kama aliyesukumwa na upepo, nyuma kunabaki mwavuli, kikapu, mara moja hata mtoto wa jirani. Lakini aliyepewa habari nzito hasahau kitu. Anakunja kanga yake pembe kwa pembe. Anafunga vifungo vyote. Anatazama chini ya kiti. Anaondoka kama mtu anayehama. Kwenye kabati la chini mna boksi la miavuli na kofia nyingi. Msilitupe, kuna siku mtalifungua ili mioyo yenu ipate nafuu.

Upweke wa kazi hii haukuwa chumbani. Chumbani tulikuwa wengi. Ulikuwa sokoni. Mtu niliyemfuta jeli tumboni, niliyemshika mkono wakati daktari anaongea, akiniona Makambako penye mitumba anavuka kwenda upande wa pili. Simlaumu. Mimi kwake ni kile kioo kinachotembea. Nilijifunza kutosalimia kwanza. Ukinisalimu nitaitika, ukipita nami napita.

Tumaini, binti yangu, aligundulika akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Presha ilipanda, wakampima, wakaona povu. Alinipigia simu akasema tu, "Mama, nimetoa jekundu." Habari za kopo nilikuwa nimewasimulia nyumbani, bila majina. Alijifungua salama, akaanza dawa, akahamia Mbeya kwa mume wake. Wanawe mnanipa pole kwa ajili yao, najua. Hawajapimwa. Mtoto asiye na dalili hatumlazi kitandani kwa ajili ya hofu ya wakubwa. Akikua ataamua mwenyewe kama anataka kuchungulia kopo. Hilo nalo ni la Daktari Hosea, na lishikeni hata bibi mtu akija juu. Mimi ni bibi mtu, na nimelishika.

Akabaki Joeli. Joeli ni dereva wa lori, anabeba mbao kutoka Njombe kwenda Dar. Alipokuja kula nyumbani baada ya habari za dada yake, nilimwekea kopo mezani.

"Mama, jekundu si amechukua Tumaini?"

"Linarudi, baba. Nilikueleza."

"Alilirudisha lini? Mbona bado anaumwa?" Akacheka, lakini hakulitazama kopo. "Mimi ni mzima. Nabeba magogo. Kichwa kinauma kwa sababu ya taa za malori ya mbele, basi."

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Mama, hapa ni nyumbani au kliniki?"

Akayamwaga maharage yote mawili kwenye sufuria iliyokuwa jikoni. "Haya, yapike. Tusikie yanavyosema yakiiva."

Niliyala, na hayakusema kitu. Niliyoyataka kwake ni madogo: alale kitandani, apimwe presha, kama povu lipo apewe dawa mapema. Maana presha ikishikwa mapema figo zinakwenda mbali, na ya Ezekieli hakuna aliyeishika. Sikumtaka awe mzima tu. Nilimtaka ajue.

Kisha akapata mchumba, Oliva, mtoto wa Uwemba. Mshenga wa upande wa binti akaja hapa Makambako. Alikuwa mzee wa heshima anayeitwa Alfonsi, mwenye koti la suti juu ya sweta mbili. Nilimpikia viazi na chai.

"Kamwene, Mama Tumaini."

"Kamwene, baba. Karibu."

Akala vizuri. Akasifu viazi. Kisha akafuta mikono.

"Tumesikia baba wa kijana alikufa kwa tumbo. Na dada mtu tumesikia. Safari hii sisi tumeuliza pande zote, si ukoo wa jina tu. Sasa tunataka neno moja. Joeli ni mzima?"

"Joeli yupo. Muulizeni mwenyewe."

"Kijana anayetaka kuoa atajibu nini? Namuuliza mama. Tena mama anayefanya kazi kwenye hicho chumba."

Nilifikiri nini, mtaniuliza. Nikisema mzima, sijui. Nikisema mgonjwa, sijui. Nikisema hajapimwa, nimemtangaza mtoto wangu kuwa mwoga mbele ya wakwe, na siri ya mtu hata akiwa mwanao ni ya mtu. Nilisikia sauti ya Mama Sabina kana kwamba amesimama jikoni.

"Ongeza kiazi, baba," nikasema.

Mzee Alfonsi akanitazama kwa huruma kabisa. "Asante, mama. Umenijibu."

Oliva aliolewa na mwalimu. Joeli alikuja siku moja tu baada ya hapo, akasimama mlangoni hata hakuingia.

"Neno moja, mama. Mzima. Hata mtoto wa chekechea analiweza."

"Sikulijua, Joeli."

"Hata uongo mdogo wa mama?"

"Oliva angejenga nyumba juu ya uongo huo."

"Basi kaa na kopo lako."

Nyumba yangu iko kando ya barabara ya Njombe. Tangu siku ile lori lake likipita lilikuwa linapiga honi, fupi, mara mbili, halafu linakwenda. Hakuwahi kusimama. Nilikuwa na chumba cha kupanga Njombe siku za kazi na huku nilikuja mwisho wa juma, na nadhani alipiga hata siku ambazo sipo. Nikiwepo nilikuwa natoka nje na upande wa kitenge mkononi ili nimpungie, lakini mpaka nifike uani kunabaki vumbi na harufu ya mbao mbichi. Hiyo ndiyo miaka yangu ya mwisho kazini, kama mnataka kujua kwa nini nilikuwa nang'ang'ania zamu za Jumamosi: vumbi lile lilinichosha.

Nilistaafu mara mbili. Mara ya kwanza sheria ilinistaafisha, hospitali ikanirudisha kwa mkataba kwa sababu ya Kibena changu. Mara ya pili ni magoti, na hayo hayana mkataba. Mliniimbia vizuri. Lile blanketi ninalitumia.

Baada ya kurudi huku moja kwa moja ndipo Tumaini alipoanza kusafishwa damu kwa mashine huko Mbeya. Figo zimechoka. Wakasema atafutwe ndugu wa kumpa figo. Mimi nilijitokeza wakanikataa kwa umri na presha, wakanishukuru. Siku chache baadaye simu ikaita, na jina la Joeli likatokea kwenye kioo.

"Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Ni kweli Tumaini yuko kwenye mashine?"

"Ni kweli."

Nilisikia injini yake inanguruma.

"Mimi nina figo mbili. Moja ya kwake. Wanasema nianze na kupimwa hapo Njombe."

Miaka yote nilimwomba alale kwenye kitanda kile kwa ajili yake akakataa, na sasa analala kwa ajili ya dada yake.

"Joeli, harage linarudi koponi. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama. Nililijua hata siku ile nilipolitia kwenye sufuria. Twende tukachungulie."

Siku aliyopimwa, Neema, ndipo mliponikuta nimekaa kwenye benchi la nje. Ulifungua mlango ukaniambia, "Bibi, ingia, huku si ni kwako?" Nikakujibu hapana, leo mimi ni ndugu wa mgonjwa. Miaka yangu yote sikuwahi kukaa kwenye lile benchi. Lina mguu mmoja mfupi, mlirekebishe. Mtu mwenye hofu hatakiwi kutikiswa.

Mlango ulifungwa. Nikaanza kusikiliza, na hapo ndipo mtu wa kazi anapoteseka kuliko watu wengine wa kwenye benchi. Figo nzima inapimwa mara moja na daktari anahama. Kile kitufe cha kupimia kinalia tik, basi. Nilikisikia kikilia tik. Kisha tik. Kisha kimya kidogo, tik tena, na tena. Mama aliyekaa karibu yangu akaniambia, "Wanachelewa hawa, sijui wanakunywa chai." Nikamwambia labda. Nilikuwa najua kabla kitasa hakijazunguka.

Joeli alitoka amefunga vifungo vyote vya jaketi. Kofia mkononi. Funguo za lori, kadi ya hospitali, chaja ya simu, vyote amevishika. Alirudi ndani kutazama kama ameacha kitu chini ya kiti. Hakikuwepo.

"Povu lipo, mama," akasema. "Pande zote mbili."

Neno la kwanza lililonitoka ni la kazi.

"Jeli ilikuwa ya baridi?"

"Ya moto." Akakaa kwenye benchi, likatikisika. "Yule dada alinipashia."

Neema, niliahidi kuandika ya kazi. Hii ndiyo ya kazi. Asante.

Tulirudi Makambako na lori lake tupu. Kwenye kona ya kwetu mkono wake ulikwenda kwenye honi kwa mazoea, akaurudisha, akakata usukani, akasimamisha lori mbele ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu habari za Oliva. Jirani alitoka kutazama kuna nini. Nilipika viazi. Chumvi nikaificha, akaiona imefichwa, akacheka kidogo.

"Sasa Tumaini nani atampa?"

"Tutauliza upande wangu. Kuna watoto wa kaka yangu, wao hawana kopo hili."

"Nilitaka iwe mimi."

"Anajua. Nilimwambia."

Akamaliza kiazi chake. Kisha akaniuliza kama angekuja mapema ingekuwaje.

"Ungejua mapema. Harage lingekuwa lile lile." Nikamweleza yaliyobaki: vidonge vya presha kila siku hata kichwa kisipouma, maji ya kunywa kwenye lori, asinunue dawa za maumivu dukani kama baba yake, damu ipimwe, kliniki asikose. Tumaini alijulikana mimba ikiwa tayari imepandisha presha. Yeye amejulikana akiwa bado anabeba magogo. Daktari wenu alisema figo zake bado zinafanya kazi vizuri. Nilirudia hilo mpaka akaniambia, "Mama, nimesikia."

Jioni akasimama kuondoka. Na nikamwona anakusanya. Chaja akaizungushia waya wake vizuri. Kadi mfuko wa ndani. Jaketi, kifungo cha kwanza mpaka cha mwisho. Akainama kutazama chini ya kochi. Nimeona watu wakihama hivyo maisha yangu yote ya kazi, nikawasindikiza mlangoni, nikawaacha wahame, kwa sababu ilikuwa haki yao.

Nikamnyang'anya kofia.

"Hii iache."

"Mama, kuna baridi huko njiani."

"Ndiyo maana utaifuata."

Nikaitundika kwenye msumari wa baba yake. Aliitazama, akanitazama, akavuta kofia ya jaketi kichwani akatoka. Nilisimama uani na kitenge changu mpaka lori likashika barabara. Hakupiga honi. Honi ni ya mtu anayepita.

Kliniki yake ni juma lijalo. Naandika haya upepo ukiwa batini, na kofia ipo msumarini. Ina vumbi la mbao. Sijaifua.